Sauti ya Besi ya Tatu

Goti langu la kushoto ndilo lililonistaafisha. Daktari alisema naweza kuendelea kusimama, ila nisiruke tena, na mtu anayesimama kando ya besi ya tatu bila kuruka hana tofauti na nguzo ya taa. Kwa hiyo kisanduku kile cha kusimamia, kilichochorwa chini kwa chokaa, nimemwachia Deo. Yeye ndiye aliyeniomba niandike niliyoyaona miaka yote niliyofanya kazi na Korongo wa Mobeni, yamsaidie yeye na wengine watakaokuja. Nilikubali kwa sharti moja, kwamba asiniulize nilikuwa nalipwa nini. Jibu lingemkatisha tamaa mapema.

Kwa wasioijua timu yetu: Korongo ni timu ya besiboli iliyoanzishwa na wafanyakazi wa maghala na viwanda vya Mobeni, kusini mwa Durban. Jina lake la Kiingereza lina maana mbili, ndege mwenye miguu mirefu na winchi ya kupakulia mizigo, na waanzilishi hawakuwahi kukubaliana walimaanisha lipi. Aliyechora nembo alichora ndege. Watu wa bandarini wakanung'unika, na mpaka leo wananung'unika. Nilipoikuta, timu ilikuwa daraja la pili, mkiani, na watazamaji wake walikuwa wake za wachezaji na mbwa mmoja wa mlinzi.

Niliingia mwaka 2008 kama mfua jezi. Nilikuwa nimetoka Bukavu, ambako ujanani nilikuwa golikipa wa mpira wa mikono, na hapa Durban nilikuwa nauza vitambaa Isipingo karibu na stendi ya taxi, biashara iliyokuwa inakufa polepole. Dada mmoja wa kanisani ndiye aliyeniambia kuna timu inatafuta mtu wa kufua na kupika siku za mechi. Nikaenda. Nilidhani besiboli ni kriketi ya watu wenye haraka.

Aliyenipokea ni kocha, Uncle Vernon, mzaliwa wa Sydenham, mtaa wa hapa hapa Durban, mzee mwembamba aliyeendesha winchi bandarini karibu maisha yake yote. Kila mtu alimwita Uncle, hata waamuzi aliokuwa akigombana nao. Alinionyesha mifuko mitatu ya nguo chafu na bomba la maji nyuma ya chumba cha vifaa.

"Huu udongo mwekundu," alisema kwa Kiingereza chake cha Sydenham, "hautoki. Aliyekuwepo kabla yako alikimbia."

Unatoka. Nawaandikia ninyi mtakaofua baada yangu: msitumie maji ya moto, maana yanaupika udongo ndani ya uzi. Uacheni ukauke, upigeni kwa brashi ngumu, kisha maji baridi, sabuni ya mche, na siki kidogo magotini. Anikeni juani nguo ikiwa nje ndani. Nilijifunza hayo kwa kuharibu suruali mbili, ambazo Uncle Vernon alizigeuza kuwa vitambaa vya kusafishia magongo.

Katika kufua huko nikaanza kuona mambo. Nguo ya mtu inasema alivyocheza. Mwenye udongo mapajani alijirusha chini kuwahi besi. Mwenye udongo kifuani alipiga mbizi kuudaka mpira. Halafu kulikuwa na namba tano, kijana mtanashati, suruali yake ikirudi kila wiki kama imetoka dukani. Siku moja nikamwambia Uncle Vernon, "Huyu haanguki."

"Nani kakwambia?"

"Suruali yake."

Alicheka mpaka akakohoa. Jumamosi iliyofuata alimwangalia namba tano mechi nzima, kisha akaniita nikae naye kwenye benchi. Namba tano alihamia kriketi baadaye, ambako kuanguka si lazima.

Pale benchini ndipo Uncle Vernon aliponifundisha. Hakuwa mwalimu mpole. Aliuliza swali, na ukikosea alilirudia lile lile kwa sauti ndogo zaidi, na hiyo ndogo ndiyo iliyotisha. Mrushaji anaangalia wapi kabla ya kurusha? Yule wa uwanja wa nje ana mkono wenye nguvu au anajifanya? Mimi nilikuwa golikipa. Kazi ya golikipa ni kuona kiwanja kizima na kuwapigia kelele watu waliompa mgongo. Polepole niligundua kwamba mchezo huu niliujua, ila ulikuwa umevaa nguo nyingine.

Mwaka 2010, nchi nzima ilipokuwa inapuliza vuvuzela kwa ajili ya kandanda, mtu wetu wa besi ya tatu alipata kazi Richards Bay akaondoka. Niwaeleze kazi yake. Timu inapopiga, mtu mmoja wa timu hiyo husimama karibu na besi ya tatu, ile ya mwisho kabla ya nyumbani, yaani sahani ya mpira pale chini ambapo mkimbiaji akifika timu hupata pointi, na kumwambia mpigaji afanye nini na mkimbiaji aende au abaki. Mkimbiaji hauoni mpira, uko nyuma yake. Anamwona yule mtu tu. Akimpungia aende, anakwenda, na akifia njiani lawama si yake.

"Simama wewe," Uncle Vernon aliniambia.

"Mimi ni mfua jezi, Uncle."

"Nyonga yangu imekufa, na wewe sauti yako inafika Isipingo. Simama."

Nikasimama, na kitenge changu kiunoni juu ya suruali ya timu. Siku ile ya kwanza timu pinzani walicheka. Mpigaji wetu wa kwanza alikuwa Thulani, mdakaji wetu, dereva wa foklifti, mtu mpana kama mlango wa ghala na mwepesi kama huo mlango. Aliniangalia akisubiri ishara. Nikampa ishara tatu zisizokuwepo duniani. Aliniangalia tena, akatikisa kichwa, akapiga mpira juu ya uzio. Aliponipita akikimbia taratibu alisema, "Mama, sijui umesema nini, lakini sharp, safi kabisa!"

Ishara zetu za kweli alizitunga Uncle Vernon. Kushika kofia ni kuiba besi, yaani kukimbia mrushaji akiwa bado ameshika shughuli yake. Kushika mkanda ni kuugusa mpira tu kwa gongo, ufie karibu. Kuvuta sikio ni kupiga kwa nguvu. Mengine yote, kupangusa mkono, kujikuna, kupiga makofi, ni takataka ya kuwachanganya wapinzani. Misimu miwili tulikwenda hivyo vizuri. Kisha, mwaka 2012, tukaanza kukamatwa. Kila tulipotaka kuiba, mdakaji wao, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, alikuwa amekwisha simama anatusubiri. Walikuwa wamezisoma ishara. Ligi ndogo, timu chache, mikono ile ile kila mwaka. Ningekuwa wao ningezisoma pia.

Suluhisho lilizaliwa ndani ya kombi tukienda kucheza Pietermaritzburg. Nilikuwa nikizungumza na Deo, mrushaji wetu, Mrundi mwenye duka la simu pale Isipingo. Tulikuwa tukisengenya, kwa Kiswahili bila shaka. Thulani akageuka kutoka kiti cha mbele.

"Mnasema nini ninyi wawili?"

"Tunasema unakula sana," Deo akamjibu.

"Hapana, kweli. Nifundisheni. Nani mwingine katika ligi hii anajua lugha hiyo?"

Uncle Vernon, aliyekuwa akisinzia, akafungua jicho moja.

Tangu hapo kila safari ikawa darasa. Maneno yanayofanana na Kizulu tuliyatupa. Huwezi kusema "tatu" au "nyama" ukadhani Mzulu hajasikia. Tulibaki na "kimbia", "iba", "gusa", "piga", "ngoja", "rudi". Wachezaji waliyashika haraka, na Thulani akaenda mbali zaidi akajifunza na mizaha. Mikono yangu niliendelea kuichezesha, lakini sasa yote ikawa mapambo. Ukweli ulikuwa mdomoni. Nilisimama pale nikipaza sauti kama mtu anayemwita mtoto sokoni, "Iba, baba, iba!" na watu wakaiba. Mchungaji wetu alikuja kutazama mara moja. Baadaye alinivuta pembeni, akaniuliza kwa upole kama ndiyo kazi niliyoiombea sala.

Tukaanza kushinda, na tulipoanza kushinda wakaanza kutushitaki. Kulikuwa na timu ya upande wa kaskazini, ambayo sitaitaja kwa kuwa siku hizi tunakula pamoja. Mwaka 2013 kocha wao alipeleka malalamiko kwenye kamati ya ligi: mtu wa besi ya tatu wa Korongo atumie Kiingereza au Kizulu, au aondoke. Tuliitwa ukumbi mmoja wa shule kule Sydenham. Nilivaa nguo ya kanisani. Ndani ya mji huu nilikuwa nimeambiwa niseme vizuri kwenye foleni nyingi na madirisha mengi ya ofisi, na mara zote nilinyamaza nikarudi nyumbani. Nilijua wakikataa nitarudi kwenye bomba na sabuni. Sabuni sikuidharau. Lakini nilikuwa nimekwisha zoea kuona watu wakikimbia kwa neno langu.

Kocha wa Kaskazini alisimama. "Si haki. Sisi hatuelewi anachosema."

Mkuu wa waamuzi, mama mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba, alimtazama. "Mrushaji wako na mdakaji wako wanapozungumza Kiafrikana, Korongo wanaelewa?"

"Hiyo ni tofauti."

"Tofauti vipi?"

Yule bwana alikaa. Kisha mama yule akanigeukia. "Je, huwa unatukana?"

"Hapana, mama," nilisema. "Nasifia tu, ila kwa sauti kubwa."

Uncle Vernon akaomba kusema. Alishika kiti kwa sababu ya nyonga. "Mchezo huu ni wa Wamarekani," alisema. "Humu ndani hakuna Mmarekani hata mmoja, na wote tunaucheza. Mwacheni mwanamke aseme."

Wakaniacha. Wakaandika kwamba lugha yoyote inaruhusiwa mradi isiwe ya matusi. Nje ya ukumbi nilikaa kwenye ngazi. Deo aliniletea soda. Nilikunywa nikilia na kucheka, na sikujali nani ananiona.

Nawapeleka sasa moja kwa moja msimu wa 2015, maana huo ndio mlioniulizia. Tulimaliza tukiwa sawa kileleni na wale wale wa Kaskazini, na mechi moja ingeamua nani apande daraja la kwanza. Korongo haikuwahi kupanda tangu ianzishwe. Lakini kabla ya mechi hiyo zilikuja zile wiki ambazo wote mnazikumbuka, wageni wakafukuzwa mitaani, maduka yakafungwa. Deo alihamisha simu zake usiku akazificha kwa jirani. Mimi nilikaa ndani na mapazia yamefungwa, na nilipotoka kununua mkate sikufungua mdomo, nilinyoosha kidole tu. Mechi iliahirishwa.

Hali ilipotulia, Thulani alikuja mlangoni kwangu na gari la shemeji yake. Alisimama pale, mpana vile, kofia mkononi.

"Mazoezi leo, Mama."

"Nitakuja, mwanangu. Lakini safari hii nitatumia mikono. Si wakati wa kupiga kelele kwa Kiswahili mbele za watu."

Alivaa kofia yake. "Mama, ukinyamaza sisi tutakimbia kwenda wapi?" Kisha akasema kwa Kiswahili, taratibu, akichagua kila neno, "Paza sauti. Sisi iko nyuma yako."

Nikavaa kitenge.

Siku ya mechi uwanja ulijaa. Walikuja watu wa zamu kutoka viwandani, akina mama wa kanisani kwangu, Wakongo wa saluni, majirani wa Uncle Vernon na viti vyao vya kukunja. Nilipofungua mdomo mara ya kwanza sauti ilitoka nyembamba, kama ya mtu mwingine. Thulani alikuwa amekaa benchini, akasimama. Wengine wote wakasimama naye. Mara ya pili sauti ilitoka yenyewe.

Lakini mambo yalikwenda vibaya. Nikisema "iba", wanatusubiri. Nikisema "gusa", watu wao wa mbele wamekwisha sogea. Nikisema "piga", wa nyuma wanarudi hadi uzioni. Wakatutangulia kwa pointi moja, na awamu zikawa zinakwisha.

Nilichogundua nilikigundua kwa bahati. Thulani alikuwa amekimbia akafika besi ya tatu, amesimama karibu nami, naye ana hofu. Nikataka kumchekesha. Nikasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya kawaida yangu, ambayo ni kubwa, "Tazama huyu mrushaji. Anarusha kama mtu anayetupa mabokoboko, ndizi zilizooza, jalalani."

Thulani alicheka. Na upande wa pili, kwenye benchi la Kaskazini, mtu mmoja aliyevaa kofia yao akacheka pia.

Mrushaji wao ni wa Durban North. Kocha wao ni wa Durban North. Nani kule anajua Kiswahili hata acheke mabokoboko? Nikamwangalia vizuri. Nywele zimechongwa kwa ustadi, shati limepigwa pasi, kiatu kinang'aa. Mkongo. Nikajaribu tena. "Na huyo kocha wao," nikasema, "akivua kofia ndege watakuja kutaga." Yule kijana akauma midomo, akainama kufunga kamba ya kiatu. Kiatu chenyewe hakikuwa na kamba.

Tulipokusanyika kabla ya kupiga mara ya mwisho, niliwaambia kwa kunong'ona, jambo ambalo hawakuwahi kunisikia nikifanya. "Wameleta mkalimani. Kuanzia sasa mdomo wangu unasema uongo. Angalieni mikono, wao wameacha kuiangalia. Kofia, mkanda, sikio, kama Uncle alivyofundisha. Nani amesahau?"

Mikono mitatu ikainuka. Uncle Vernon akawarudishia ishara pale pale, kwa ile sauti yake ndogo. Hakuna aliyesahau tena.

Tulipiga. Mmoja wetu alitolewa. Kisha Marlon, kijana mwepesi kuliko wote tuliowahi kuwa nao, akafika besi ya tatu, na Thulani akafika ya pili, akihema. Aliyesimama kupiga alikuwa Deo, ambaye ni mrushaji, na warushaji kupiga hawajui. Nikavuta pumzi.

"Deo!" nilipaza. "Piga kwa nguvu zako zote! Piga mpaka Isipingo! Usiguse, piga!"

Nikaona yule kijana anamwinamia kocha sikioni. Nikaona kocha anapunga mkono, na watu wao wakarudi nyuma, wote, hadi majani yalipoanza. Mkono wangu ulikuwa kwenye mkanda.

Deo aliutazama mkanda wangu, akautazama uso wangu. Mrushaji wao akarusha. Deo akateremsha gongo akaugusa mpira kama anayemgusa mtoto aliyelala. Ukaanguka, ukabingirika, ukafa njiani. Marlon alikuwa amekwisha ondoka. Alipita nyumbani kabla hawajaufikia. Tukawa sawa.

Mchezaji wao anayelinda besi ya tatu alikuja mbio kutoka mbali, akauokota, akageuka kuurusha besi ya kwanza kumtoa Deo. Hapo nikaona nyumbani: mdakaji wao amesogea mbele kutazama, sahani iko wazi. Na Thulani anakuja kwangu, anafika besi yangu, ananiangalia, kwa sababu hana mtu mwingine wa kumwangalia. Mtu wa mwisho duniani ambaye mwenye akili angemkimbiza.

Nikamkimbiza. Nikazungusha mkono wangu kama pangaboi nikiruka juu na chini. "Kimbia! Kimbia, baba! Kimbia!" Safari hii mdomo na mkono vilisema kitu kimoja. Hapo ndipo goti lilipolia. Nililisikia, sikuwa na nafasi nalo. Thulani alinipita na ardhi ikitikisika. Mpira ukatoka besi ya kwanza, ukaja nyumbani, juu kidogo. Thulani akajirusha kwa tumbo. Vumbi likafunika kila kitu, na mwamuzi akainama ndani ya vumbi, akakaa humo, akakaa, kisha mikono yake miwili ikatokea imetanda pembeni. Salama.

Sikumbuki vizuri kilichofuata. Nakumbuka walijaribu kunibeba mabegani, wakashindwa, wakaamua kunizunguka tu. Nakumbuka mchungaji akiruka. Nakumbuka Uncle Vernon amekaa peke yake benchini, viganja vimefunika uso, mabega yakitikisika.

Yule mkalimani alikuja baadaye kwenye meza ya chakula, kofia yao ameivua. Anaitwa Fiston, wa Lubumbashi, kinyozi.

"Mama, ulinitendea nini? Mimi nilitafsiri yote sawasawa."

"Ulitafsiri vizuri kabisa, mwanangu. Umekula?"

"Bado."

"Iko sombe, iko wali. Kaa."

Alikula sahani mbili. Kocha wake alisimama mbali akitutazama, hatimaye naye akaja, akaomba kuonja. Nilimpa. Niliona ni vizuri ajue sombe, kisamvu chetu, ni nini, mtu aliyetaka kunifunga mdomo.

Tulirudi na kombi, kombe likipitishwa mikononi juu ya vichwa, wachezaji wanaimba Kizulu na Kiswahili kwa pamoja, hakuna anayejua amalizie wapi. Kwenye robot ya Mobeni, kama tuitavyo hapa taa za barabarani, rangi ikawa nyekundu. Kando yetu lori kubwa la makontena lilisimama, dereva amechoka, kiwiko dirishani. Uncle Vernon alishusha kioo, akatoa kichwa chake chote chenye mvi.

"Tumeshinda!" alimpigia kelele yule dereva, kwa Kiswahili. "Tumeshinda! Kabisa kabisa!"

Dereva alishtuka, akatutazama, kisha uso ukamfunguka wote. "Hongera sana, mzee wangu!" akajibu, Kiswahili safi cha Tanzania. "Hongereni sana!"

Kombi ililipuka kwa vigelegele. Uncle Vernon akanigeukia macho yakiwa yamemtoka.

"Amesema nini?"

"Amekupongeza."

"Mwambie asante."

"Mwambie mwenyewe, Uncle."

Taa ikawa kijani, magari ya nyuma yakaanza kupiga honi, na mzee akatoa tena kichwa dirishani akamwambia.